Hawakujua tarehe, lakini walijiandaa: somo la Mazimbu kwa viongozi vijana wa kambini



Kila tunapozungumza habari za uongozi hapa kambini, kuna swali moja halikosi: kiongozi apangeje mambo ya miaka mitano wakati hajui hata mwezi ujao utakuwaje? Mgao wa chakula unaweza kupunguzwa. Vita nyumbani inaweza kuisha au kuwaka upya. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wamemaliza intavyu zote wakabaki wanaangalia mabegi yao. Kwa hiyo wengi wetu tumeanza kusema, "Kupanga ni kazi ya watu wenye nchi. Sisi tungoje tu."

Mimi sikubali, na sisemi hivyo ili kumtia mtu moyo bure. Nataka tuangalie historia. Kuna viongozi waliokuwa wakimbizi kama sisi, tena wengine waliishi hapahapa Tanzania, ambao hawakujua watarudi kwao lini wala kama watarudi kweli. Wakajiandaa hivyohivyo. Kuna walichoandaa ambacho kilikuja kuisaidia nchi nzima. Kuna na makosa yao ambayo yaliwaumiza watu wao wenyewe, na hayo nayo nitayasema.

Lakini tuanzie nyumbani, Kongo, kwa sababu huko tunaona kinachotokea pale ambapo hakuna aliyeandaliwa.

KONGO: MIAKA 30 ILIYOGEUKA KUWA MINNE NA NUSU

Mwishoni mwa 1955 profesa mmoja Mbelgiji, Van Bilsen, alitoa mpango wa kuipa Kongo na Ruanda-Urundi uhuru kwa muda wa miaka 30. Kwa hesabu yake uhuru ungekuja katikati ya miaka ya 1980. Ubelgiji wakubwa wengi walimkasirikia. Waliona miaka 30 ni haraka mno! Kwao Kongo ilikuwa shamba la kudumu.

Basi tazameni kilichofuata. Tarehe 4 Januari 1959 mji wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, uliwaka moto wa ghasia. Mwaka mmoja baadaye, Januari 1960, viongozi Wakongomani waliitwa Brussels kwenye mkutano wa meza ya duara. Wakatoka na tarehe: 30 Juni 1960. Mkutano uliisha Februari, yaani ilibaki miezi minne na siku chache tu kutengeneza nchi kubwa kiasi kile.

Nani alikuwa tayari? Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa 1954 tu. Siku ya uhuru Wakongomani waliohitimu chuo kikuu hawakufika hata 30. Jeshi, lile Force Publique, lilikuwa na askari kama 25,000, na maofisa wote walikuwa wazungu. Tarehe 5 Julai Jenerali Janssens aliwaandikia askari ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawasawa na kabla ya uhuru. Askari wakaasi. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitangaza kuwa nchi yake. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa akiwa na miaka 35.

Simlaumu Lumumba na wenzake kwa kukosa madaktari na maofisa. Mkoloni ndiye aliyefunga mlango wa shule ya juu, na kulikuwa na mikono mingi ya nje katika yale yaliyotokea. Ila ninyi mnaopenda kusema "bado kuna muda" shikeni hesabu hii: waliodhani wana miaka 30, hata ile waliiona michache, walipata minne na nusu. Sisi tunaoandika na kusoma haya tukiwa kambini, sehemu ya shida yetu inaanzia pale.

MSUMBIJI: SHULE NDANI YA DAR ES SALAAM

Sasa tuje kwa wakimbizi. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, vyama vitatu vya watu wa Msumbiji waliokuwa nje vikaungana. Rais wake alikuwa Eduardo Mondlane, msomi aliyefikia shahada ya udaktari Marekani na aliyewahi kufanya kazi Umoja wa Mataifa. Vita dhidi ya Wareno ilianza 25 Septemba 1964. Lakini kabla ya risasi ya kwanza, mwaka 1963, tayari kulikuwa na Taasisi ya Msumbiji pale Dar es Salaam, mahali pa kuwasomesha vijana wakimbizi, na aliyeiongoza ni mke wake, Janet Mondlane.

Angalieni mpangilio: shule ilitangulia bunduki. Mondlane alijua kwamba hata wakishinda vita, kesho yake asubuhi watahitajika wauguzi, walimu na makarani. Na wale hawapatikani kwa kutangaza redioni.

Mambo hayakwenda laini. Wanafunzi wengine walitaka wakimaliza wapelekwe Ulaya na Marekani kwa masomo, wakati chama kilitaka wakafanye kazi kwanza katika maeneo yaliyokombolewa. Mwaka 1968 ugomvi ulikuwa mkubwa mpaka taasisi ikafungwa. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane alifungua kifurushi kilicholetwa kama kitabu, kumbe ni bomu. Akafa hapohapo Dar es Salaam. Shule ya sekondari ya FRELIMO ikaendelea baadaye kule Bagamoyo.

Halafu tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno walipindua serikali yao wenyewe huko Lisbon. Vita iliyokuwa ikisogea polepole ikafika mwisho kwa ghafla. Septemba mwaka uleule makubaliano yalisainiwa Lusaka, ikawekwa serikali ya mpito chini ya Joaquim Chissano, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Miezi 14 tangu mapinduzi! Wareno wengi walifungasha na kuondoka, na wale ndio waliokuwa mafundi, wahasibu na madaktari. Zaidi ya watu 9 katika kila 10 hawakujua kusoma. Waliosomeshwa uhamishoni hawakutosha hata kidogo. Lakini jiulizeni, ingekuwaje kama hata hao wachache wasingekuwepo?

AFRIKA KUSINI: WALIOKAA MIAKA 30

Kongo tarehe iliwahi. Msumbiji ilikuja ghafla. Kwa watu wa Afrika Kusini ilichelewa mpaka watu wakazeeka wakiingoja.

Tarehe 21 Machi 1960 polisi wa Sharpeville waliua watu 69 waliokuwa wakiandamana kupinga pasi. Siku sita baadaye Oliver Tambo, naibu rais wa ANC, alivuka mpaka kwenda Bechuanaland, Botswana ya leo. Hakukimbia kwa kubahatisha. Chama kilikuwa kimekwisha kukubaliana kwamba kikipigwa marufuku, Tambo atoke akafanye kazi nje. Marufuku ikaja tarehe 8 Aprili, na wao tayari walikuwa na mtu upande wa pili.

Mzee Tambo kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa hisabati na sayansi, baadaye mwanasheria aliyefungua ofisi pamoja na Nelson Mandela mwaka 1952. Nadhani ule ualimu haukumtoka. Wengi waliotoka nao walidhani ni jambo la miaka michache. Yeye alirudi kwao Desemba 1990, miaka 30 ikiwa imepita.

Hebu fikirini miaka 30 ya kuwaongoza watu walio nje ya nchi yao. Viongozi wenzake wako gerezani Robben Island. Vijana wanataka bunduki leo. Nchi zinazowapokea zinabadilika. Mwaka 1969 wapiganaji wa ANC waliokuwa kambi ya Kongwa, Dodoma, walitakiwa kuondoka Tanzania na wakapelekwa Umoja wa Kisovieti kwa muda. Mwaka uleule ANC ilikutana Morogoro, kwenye mkutano ambao wanachama wa kawaida waliwasema viongozi uso kwa uso kwamba wamezembea. Tambo alijiuzulu mbele ya mkutano, akachaguliwa tena. Nalitaja kwa sababu sisi hapa kiongozi wa kamati akiulizwa hesabu ya sabuni tu ananuna wiki nzima.

MAZIMBU

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Polisi wakawapiga risasi. Baada ya hapo maelfu ya vijana walivuka mipaka kwenda Botswana, Swaziland na Lesotho. Wengi wakaishia mikononi mwa ANC, na wengine wakaletwa Tanzania. Walikuwa wadogo, wamekasirika, na shule yao imekatika katikati. Nani kati yetu hajui hali hiyo?

ANC ilikuwa na njia rahisi: kuwachukua wote jeshini. Wengi wao ndivyo walivyotaka wenyewe. Viongozi wakaamua kwamba wale walio wadogo wasome, na wakaanza kutafuta mahali. Serikali ya Mwalimu Nyerere ikawapa shamba la mkonge lililoachwa, Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro. Mkuu wa Mkoa wakati ule, Mama Anna Abdallah, anakumbukwa kwa kuwasaidia kulipata. Kulikuwa na nyumba chache za zamani na pori. Ujenzi ulianza 1978, Waafrika Kusini na Watanzania wakifanya kazi pamoja. Fedha na vifaa vilitoka sehemu nyingi, zaidi nchi kama Uswidi, Norwei, Denmark na Uholanzi.

Mwaka 1979 shule ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyetoka nchini baada ya Soweto, akarudi kama mpiganaji, akakamatwa, na akanyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Tambo aliifungua rasmi mwaka 1985.

Ilikuwa zaidi ya madarasa. Palikuwa na chekechea, shule ya msingi, sekondari, hospitali, shamba la mahindi na mifugo, na karakana za useremala na ushonaji. Mwanafunzi alisoma hisabati, sayansi, Kiingereza na historia ya mapambano ya kwao, halafu akaenda shambani. Waliomaliza walitafutiwa nafasi za vyuo nchi mbalimbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaongeza eneo lingine kubwa, Dakawa, kwa ajili ya waliozidi kuja.

Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe ninalotaka tulishike. Mwaka 1978 hakuna mtu aliyeweza kusema ubaguzi wa rangi utaisha lini. Serikali ya makaburu ilikuwa na jeshi kubwa kuliko yote ya jirani na ilionekana itadumu. Wangeuliza "lini tutarudi?" wasingejenga hata choo. Wao waliuliza swali jingine: "Siku yoyote itakapokuja, watu gani watahitajika?" Swali la kwanza halikuwa na jibu. La pili lilikuwa nalo, na unaweza kuanza kulifanyia kazi Jumatatu.

Upande wa ndani ya Afrika Kusini, katikati ya miaka ya 1980, vijana wengi walikuwa na msemo wa ukombozi kwanza, elimu baadaye. Shule zikasusiwa. Mwishoni mwa 1985 wazazi wa Soweto walituma watu kwenda Harare kuonana na ANC, na ANC ikaunga mkono watoto warudi darasani huku mapambano yakiendelea. Sio rahisi kwa chama cha mapinduzi kuwaambia vijana wenye hasira warudi kwenye madawati. Lakini kiongozi anayetazama mbali huwa anasema maneno ambayo hayapigiwi makofi siku hiyo.

KUANDIKA MASHARTI KABLA WENGINE HAWAJAYAANDIKA

Tarehe 16 Machi 1984 Msumbiji, ikiwa imechoka kwa vita, ilisaini mkataba wa Nkomati na Afrika Kusini. ANC ikaambiwa iwaondoe watu wake wengi pale. Rafiki wa jana, leo hawezi tena. Kama kila kitu chao kingekuwa Maputo, kazi ingekufa. Lakini makao makuu yalikuwa Lusaka, shule Morogoro, ofisi London na miji mingine.

Mwaka 1986, huku wengi wakifikiria vita tu, Tambo aliunda kamati ya katiba kule Lusaka. Ndani yake walikuwa watu kama Jack Simons, Zola Skweyiya, Albie Sachs na Kader Asmal. Kazi yao: Afrika Kusini huru iwe na sheria gani? Haki za watu wachache zilindwe vipi? Mwaka 1988 walichapisha miongozo ya katiba. Aprili mwaka huohuo Sachs alilipuliwa na bomu ndani ya gari huko Maputo, akapoteza mkono wa kulia na jicho moja. Aliendelea na kazi.

Kufika 1989 Tambo aliona kwamba mazungumzo na serikali ya makaburu yanakaribia. Aliogopa kitu kimoja: kwamba mataifa makubwa yataandika masharti, na ANC itapewa karatasi isaini. Kwa hiyo akazunguka nchi za mstari wa mbele kwa ndege aliyoazimwa na Rais Kaunda, akikusanya mawazo na kuwashawishi marais waunge mkono karatasi moja. Ikapitishwa Harare tarehe 21 Agosti 1989 na kamati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Desemba Umoja wa Mataifa ukapitisha azimio linalofanana nalo.

Mzee mwenyewe hakuwepo Harare. Mwezi huo alipigwa na kiharusi kwa uchovu wa kazi ile. Lakini kazi haikulala kitandani naye, kwa sababu wenzake waliijua na kuishika. Tarehe 2 Februari 1990 De Klerk akaondoa marufuku ya ANC, na tarehe 11 Mandela akatoka gerezani. Walipokaa mezani walikuwa na karatasi yao mfukoni. Katiba ya Afrika Kusini ilipitishwa 1996, na mengi yaliyoandikwa Lusaka yanaonekana ndani yake. Sachs akawa jaji wa mahakama ya katiba. Asmal akawa waziri. Tambo alifariki tarehe 24 Aprili 1993, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Hakupiga kura ambayo aliiandalia maisha yake yote.

Na Mazimbu? Mwaka 1992 waliikabidhi kwa Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, inayoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu. Watoto wa wenyeji wanasoma katika majengo ya wakimbizi.

WALIPOKOSEA

Tukiwasifu tu tutajidanganya. Katika kambi za ANC kule Angola kulikuwa na mateso na mauaji ya wanachama walioshukiwa kuwa wapelelezi au walioasi mwaka 1984. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilikuja kuyasema wazi. Hofu ya adui aliyejificha iliwafanya viongozi wawageuke vijana wao. Kiongozi anayejiandaa kwa hatari lazima ajiulize pia: nani ananizuia mimi nikiwa hatari?

Hata Mazimbu, msichana akipata mimba aliondolewa shule na kupelekwa kituo cha akina mama. Mvulana mara nyingi alibaki darasani. Yaani nusu ya kesho waliyokuwa wakiiandaa waliiacha mlangoni. Hapa kwetu tunaijua hadithi hiyo vizuri sana.

SISI JE?

Kwenye mikutano tunaambiwa kuna njia tatu kwa mkimbizi: kurudi nyumbani kwa hiari, kubaki na kuishi kati ya wenyeji, au kupelekwa nchi ya tatu. Mimi naongeza ya nne ambayo hatuipendi: kukaa hivi tulivyo miaka mingine mingi. Hakuna kiongozi kijana anayeweza kuchagua ni ipi itatokea. Lakini kila kamati inaweza kufanya kazi hii katika kikao kimoja.

Chukueni karatasi kubwa, mgawanye sehemu nne, kila njia na sehemu yake. Kila sehemu andikeni: ikitokea hii, watu wetu watahitaji nini? Mkimaliza, zungushieni duara vitu vinavyotokea kila mahali. Nitataja nilivyoviona mimi. Kujua kusoma, kuandika na kuhesabu vizuri. Lugha zaidi ya moja. Cheti kinachosomeka nje ya kambi. Ufundi unaoenda na mtu, kama ushonaji, uashi, kutengeneza simu, uuguzi wa kwanza. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Na kikundi chenye mazoea ya kuweka hesabu wazi. Hivyo vya kwenye duara ndivyo vya kwanza kupewa muda na pesa zetu, hata kama pesa yenyewe ni ya kuku watatu. Anayeacha shule kwa sababu "kesi yangu iko karibu" anaweka maisha yake yote kwenye njia moja, na njia hiyo haishiki yeye ufunguo.

Halafu kuna mambo mengine matatu ambayo naomba viongozi wa zoni na vikundi tuyachukue.

La kwanza, warithi. Kila mwenye cheo awe na mtu wa pili anayejua kazi yote, pamoja na daftari na namba za watu. Mondlane aliuawa, Tambo aliugua, na kwetu mtu anaweza kuitwa kwenye safari wiki hiyohiyo. Vikundi vingapi vimekufa kwa sababu katibu alisafiri na daftari?

La pili, wasichana waliozaa. Tusirudie kosa la Mazimbu. Kabla ya kupanga mafunzo, tuulize mtoto atakaa na nani mama yake akiwa darasani. Bibi wawili na mkeka chini ya mti vinaweza kutosha kuanzia.

La tatu, tuandike yetu kwanza. Mara nyingi tunangoja shirika lije na mradi, halafu tunalalamika kwamba haufai. Tukiwa na ukurasa mmoja unaosema vijana wa zoni yetu wanataka nini, kwa nini, na wao wenyewe wataleta nini, mazungumzo yanabadilika. Sio kila mara tutapewa. Ila hatutakuwa watu wa kusaini karatasi za wengine tu.

Na kwenu ndugu wa mashirika, kwa heshima: waliosaidia Mazimbu walikuwa wanaunga mkono mpango wa wakimbizi wenyewe, na walikaa nao miaka. Mradi wa miezi sita unaisha kabla fundi hajajua kukata suruali. Tunajua fedha zinapungua na sio ninyi mnaoamua yote. Basi mkijua jambo linakuja, tuambieni mapema. Habari mbaya iliyokuja mapema inaweza kupangiwa. Iliyokuja siku yenyewe inatukuta tumelala.

Wazee wetu husema, kinga ni bora kuliko tiba. Kizazi cha 1960 nyumbani hakikupewa nafasi ya kujikinga, mtu alikinyima. Sisi tumenyimwa mengi, lakini swali la "watu gani watahitajika" hakuna anayeweza kutuzuia kuliuliza. Kamati itakayojaribu ile karatasi ya sehemu nne, ituletee hapa walichozungushia duara, tulinganishe na zoni nyingine.